Zege Uwanjani kwa Mama

Kambini, 3 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu, na kwa njia ile, hiyo ni bahati. Kambi iko kama nilivyoiacha: vumbi mchana, baridi usiku, na mpishi ambaye bado anaamini chumvi ni mboga. Simu huku bondeni haishiki kabisa, kwa hiyo tuandikiane. Gari la vyakula linakwenda mjini kila baada ya wiki mbili, na dereva anachukua barua zetu ilimradi usimcheleweshe. Nisalimie wateja wako. Mwambie jirani yetu Spika kwamba salamu zake nimezifikisha kwa wote aliowataja na hata kwa wengine ambao hakuwataja.

Sasa jambo lenyewe. Mama amerudi kutoka kumuuguza mama mdogo? Ameuona uwanja? Nieleze aliingiaje, alisimama wapi, alisema nini kwanza. Usifupishe. Nimemwaga zege kwenye madaraja na sasa nalimwaga kwenye bwawa hili, lakini hakuna nililolilaza kwa moyo kama lile. Inchi nne, wavu wa chuma katikati, mteremko kuelekea mferejini. Mvua ikinyesha, maji hayatasimama hata ya kujaza kikombe. Mwaka jana aliteleza kwenye tope lile mara mbili, na mara ya pili wewe ndiye uliyemwinua. Hatateleza tena.

Nilitaka akute kitu kimekamilika. Ndiyo maana sikumwambia, na ndiyo maana likizo nzima sikwenda kumwona kwa mama mdogo. Ningekwenda, uso wangu ungenisaliti.

Endelea kulimwagilia maji asubuhi na jioni. Zege changa likikauka haraka linapasuka.

Kaka yako


Nyumbani, 20 Machi

Shikamoo kaka,

Barua yako imefika na doa la mafuta pembeni. Nadhani dereva aliikalia pamoja na chakula chake. Sisi hatujambo. Mkanda wa cherehani ulikatika katikati ya msimu wa sare za shule. Nilizunguka maduka mawili nikaupata la tatu, mpya, bado unanuka mpira. Mama mdogo ametolewa nyuzi za upasuaji. Anageuka kitandani mwenyewe, ila kuinama bado. Spika anasema hakukutuma salamu yoyote, lakini ameshukuru.

Zege nimelimwagilia kama ulivyoagiza. Halijapasuka. Wateja wanausifu uwanja: zamani walikuwa wananiletea tope hadi kwenye vitambaa, sasa wanaingia na viatu vikavu. Mvua kubwa ilinyesha Jumapili, na maji yote yalishika njia uliyoyaonyesha.

Mama alirudi, akauona. Alisema asante, umefanya kazi kubwa.

Mawingu yamejikusanya tena, naifunga barua kwenye mfuko wa nailoni.

Mdogo wako


Kambini, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha, kimehamia kwa ninayelala naye chumba kimoja. Mama mdogo mpe pole zangu, mwambie asione aibu kututuma maji. Ametubeba sote mgongoni.

Barua yako nimeisoma tena na tena nikimtafuta Mama ndani yake. Mkanda wa cherehani umepewa nafasi kubwa kuliko yeye. Tangu lini Mama akasema asante bila kuongeza neno? Nilipomletea redio alisema asante, akaongeza kwamba inakoroma. Nilipomletea kanga alisema asante, akaongeza kwamba mwenye duka ameniona mjinga. Asante iliyo peke yake inanitia wasiwasi.

Nimefikiri, na nadhani tatizo ni sura. Zege tupu linafanana na kituo cha mafuta. Kosa ni langu: mimi nawaza uimara, siwazi macho. Basi tuupambe. Kwa yule rafiki yangu wa duka la vifaa nimeagiza rangi ya sakafu, nyekundu; atakuletea. Fagia kwanza, osha, acha pakauke kabisa, kisha upake mara mbili. Tafuta vyungu vikubwa, vipange kando ya ukuta, upande maua anayopenda kuyatazama. Mwambie seremala atengeneze benchi lenye mgongo. Ukimaliza nipigie picha.

Nakuomba, usichelewe. Usiku nikilala naiona asante ile.

Kaka yako


Nyumbani, 6 Mei

Shikamoo kaka,

Nimechelewa kwa sababu ya rangi, kisha kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu ya kupaka upya palipokanyagwa na paka. Nyumbani ni wazima. Sare nimemaliza, sasa nashona mapazia ya zahanati, marefu kama njia ya kwenda kwako.

Rangi nyekundu haikutosha. Rafiki yako akaniletea ya kijivu kuongezea, basi nikapaka miraba, mmoja mwekundu mmoja wa kijivu. Spika alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Jirani, hoteli inafunguliwa lini? Na vyumba vina vyandarua?" Tangu hapo kila asubuhi ananiagizia chai na mayai. Watoto wa mtaa wanarukaruka kwenye miraba hadi nawafukuza. Vyungu viko vinane, vyote na maua isipokuwa kimoja chenye mchaichai. Benchi limetoka vizuri, ingawa linafaa mtu mwenye mgongo mrefu kuliko wetu.

Jambo moja hukuniambia: rangi ile ikilowa inateleza. Juzi mteja aliyekuja kupima sketi alijikuta ameketi chini bila kukusudia. Hakuumia. Siku za mvua natandika magunia.

Picha nimeiweka humu. Mama naye nilimpelekea yake. Aliitazama muda, akasema rangi zimechaguliwa vizuri.

Mdogo wako


Kambini, 21 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zitakuja baadaye.

Picha nimeiona. Vyungu nimeviona, benchi nimeliona, hakuna aliyelikalia. Umeandika kwamba Mama ulimpelekea yake. Mtu aliye nyumbani kwake hapelekewi picha ya uwanja wake. Anafungua mlango tu.

Mama yuko wapi?

Kaka yako


Nyumbani, 9 Juni

Shikamoo kaka,

Mama ni mzima wa afya. Nimeanza na hilo usije ukaruka mistari. Yuko kwa mama mdogo. Yuko huko tangu wiki ile ile uliyoondoka.

Uliuliza aliingiaje, nami nikakujibu kwa ufupi. Ilikuwa hivi. Wewe ulipanda basi asubuhi, yeye akafika alasiri ya siku hiyo hiyo. Alipita mlango wa nyuma kama kawaida yake, kikapu mkononi. Alinikuta nalimwagilia zege lako maji. Akaweka mguu mmoja, akaurudisha. Akauliza, kama aliyekanyaga kaburi, "Nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni zawadi ya kaka. Akaniuliza, "Yuko wapi?" Nikasema ameondoka asubuhi. Akasimama pale pale mlangoni, akatazama pembe hadi pembe. Ndipo akasema asante, umefanya kazi kubwa. Sikukudanganya, kaka. Nilikata mwanzo na mwisho.

Mwisho wenyewe ni huu. Kesho yake alfajiri nilisikia ufagio. Wewe umekua na sauti ile kama mimi, njiti zikipita kwenye udongo. Kwenye zege zilikwaruza kama kucha kwenye bati. Alifagia mara chache, akaacha. Nilipotoka nilimkuta ameushika ufagio, anatazama chini. Hapakuwa na hata jani la kuzoa. Akaniuliza, "Jana usiku alikuja mtu?" Nikasema sijui. Akasema, "Na mimi sijui."

Kaka, sisi wawili tulidhani Mama anafagia kwa sababu uwanja ni mchafu. Umesahau ile mistari yake? Kila asubuhi aliuchora uwanja mzima kama aliyesuka nywele, na usiku ulipopita aliusoma kabla ya kuufagia tena. Alijua nani aliingia, nani alitoka, nani alikuja kugonga akaogopa. Wewe ndiye uliyechelewa kurudi ukaingia kinyumenyume ili nyayo zionyeshe mtu anayetoka. Alikumiminia chai akasema, "Ajabu, jana kuna mtu aliondoka humu mara mbili bila kuingia." Tulicheka mwaka mzima. Halafu tukaja kuuziba kwa saruji na kuuwekea maua.

Siku ya tatu alisema mama mdogo hajapata nguvu, anarudi kumsaidia kidogo. Kidogo hiyo ni miezi mitatu sasa. Mama mdogo alishapona. Ananiambia pembeni, "Mchukueni mama yenu, anafagia uwanja wangu hadi naona msingi wa nyumba." Lakini huko Mama ana kazi. Nilipompelekea picha nilimkuta ameinama anaangalia chini. Akaniambia mdogo wake alitoka usiku mara mbili, tumbo linamsumbua na hataki kusema. Na kweli lilikuwa linamsumbua.

Nilimuuliza atarudi lini. Akairudisha picha kwenye bahasha, akasema, "Nyumba yenu nzuri." Yenu, kaka. Hakusema yetu.

Mdogo wako


Kambini, 27 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeshindwa kuijibu hadi leo. Nilikwenda kazini, nikasimamia zege la watu, likalala vizuri, na kila aliyenisifu nilitamani kumtukana.

Kwanza nilikukasirikia. Wewe ulikuwepo. Ulijua kuhusu ufagio, maana wewe ndiye unayelala chumba kinachotazama uwanja. Mbona hukunizuia? Tena ulishika koleo ukanisaidia kuchanganya, ukaimba. Hukuona kitu?

Kisha hasira ikaisha, nikabaki na mimi mwenyewe. Nilikuwa na likizo ya siku kumi na mbili. Kwa mama mdogo ni safari ya saa mbili. Sikwenda. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumshangaza. Kumbe toroli lilikuwa rahisi kuliko kukaa na mtu mzima akuulize habari zako. Toroli ukilijaza linajaa. Nimekuwa mwana wa aina hiyo, na sikujua hadi nilipoisoma "Nani kafa?" kwa mwandiko wako.

Sasa tusipoteze muda. Tafuta vijana watatu wenye nguvu, nyundo kubwa na tindo. Waanzie kona ya mfereji, pale ukingo uko wazi. Wavunje lote. Kisha ulete udongo mwekundu malori mawili, uusambaze, uumwagilie maji, uushindilie. Vyungu wape majirani. Benchi mpe Spika. Fanya haraka kabla Mama hajarudi, na usimwambie neno. Asijue mpaka akute.

Kaka yako


Nyumbani, 15 Julai

Shikamoo kaka,

Sisi wazima, mapazia nimeyakabidhi, na paka aliyekanyaga rangi amezaa chini ya benchi lako.

Umeisoma barua yako kabla ya kuifunga? "Asijue mpaka akute." Kaka yangu, hata mbuzi haangukii shimo moja mara mbili. Sikutafuta vijana, sikuleta lori.

Kuhusu koleo, ni kweli. Nilishika, niliimba, na nilikuwa najua. Nilikuwa nimechoka kufua tope kwenye sare nyeupe za watoto wa watu. Nikanyamaza, nikajiambia mwenye wazo ni wewe. Kila mteja anapousifu uwanja nasema asante, na kila asante inanikwama. Hapo hatudaiani.

Nilifanya jambo moja ambalo huenda ukalichukia. Niliichukua barua yako nikaenda nayo kwa mama mdogo, nikamsomea Mama yote, pamoja na toroli. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye malori ya udongo alicheka. Mama mdogo alitoka jikoni kuja kuona nani anacheka. Mama akasema, "Huyu mtoto akinizika, atanizika mbio kabla sijafa, ili nikute kimekamilika."

Kisha akaniambia niandike hivi, neno kwa neno: "Aje mwenyewe, asilete kundi. Aje mimi nikiwepo. Nitamwonyesha pa kuvunja."

Nikamuuliza, "Na ukishamwonyesha, utabaki?" Akarudi kwenye mchele wake. Hakusema atabaki, hakusema hatabaki. Kwa hiyo kaka, hicho ndicho unachokuja kukitafuta, na mimi siwezi kukutafutia. Ukipata likizo, nitakuja kukaa na mama mdogo juma hilo, ili Mama asiwe na kisingizio cha mgonjwa. Nyumbani mtabaki wawili.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Agosti

Mdogo wangu,

Mimi na Mama ni wazima, ingawa mimi si sana kuanzia mabega kushuka. Nisalimie mama mdogo, mwambie uji wa ulezi alionitumia umefika na umeliwa. Wateja wako wawili wamekuja kuulizia magauni; nimewaambia fundi atarudi, nao wamenitazama kama nimeyaiba.

Nimepewa siku nane. Ya kwanza nilikwenda kumchukua Mama huko kwenu, uliona. Ndani ya basi aliniambia tu nifunge dirisha. Tulipofika alishika njia ya mlango wa mbele kama mgeni. Kesho yake alileta kigoda hadi mlango wa jikoni, akaketi. Nikasema, "Mama, nianzie wapi?" Akanyoosha mkono: "Hapa miguuni pangu."

Nilipiga nyundo ikaruka kama imepiga tairi. Ile kazi niliyojivunia ndiyo niliyokuja kupigana nayo. Hadi saa sita nilikuwa nimevunja kipande kinachotosha kuweka sufuria. Wavu wa chuma niliukata kwa msumeno, waya mmoja mmoja, na kila waya niliufunga mimi kwa mkono wangu. Spika alipanda kwenye ndoo yake upande wa pili wa ukuta. "Jirani, mbona unavunja lililojengwa vizuri? Njoo uvunje la kwangu, lenyewe linakaribia kujivunja." Mama akamjibu, "Kaa kimya wewe, hii ni kesi ya familia." Spika akasema, "Basi mimi shahidi," akabaki pale pale.

Mama ndiye aliyeongoza kila kitu. Kutoka jikoni hadi geti la nyuma, nivunje. Kando ya bomba, nivunje. Nilipofika mbele ya chumba chako cha kushonea alisema niache. Nikamwambia nataka kulitoa lote. Akasema, "Kutaka kwako ndiko kulikotufikisha hapa. Dada yako naye anaishi humu, na sare ni nyeupe." Basi upande wako umebaki, miraba yako yote. Baada ya hapo niliogopa. Kila nikiinua nyundo nauliza: hapa? Na hapa? Hadi akachoka: "Utaniuliza mpaka kupumua?"

Siku ya tano, jua likiwa kali, aliniambia, "Weka nyundo chini." Nikasema bado upande wa ukuta. Akasema, "Upande wa ukuta utavunjwa na yeyote. Keti." Niliketi kwenye kifusi mbele ya kigoda chake. Nilitegemea atanisema. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo kuliko kwa nyundo. Nikaanza mimi: "Mama, zile siku kumi na mbili..." Akasema, "Nilizihesabu. Spika alimpigia mama yako mdogo simu siku ile ile uliyofika. Kila jioni nilivaa nguo nzuri."

Nakuandikia hili kwa sababu hukunificha yako.

Kisha akaniuliza, "Lile jino lako la nyuma bado linakusumbua?" Lile jino, mdogo wangu, liliniuma kabla sijapelekwa bwawani. Nikamwambia waling'oa, zamani. Akasema, "Waling'oa bila kuniambia?" Akanivuta kidevu. Mimi mtu mzima mwenye mvi, nikafungua mdomo mchana kweupe, shahidi akiwa juu ya ndoo, Mama akachungulia ndani hadi akaridhika. Akasema, "Pamepona vizuri. Sasa nieleze kuanzia hapo." Nikamweleza. Tulianza mchana, tukamaliza taa zimewashwa, na kesho yake tuliendelea. Nyundo sikuigusa tena.

Nakwenda kambini keshokutwa. Mama anabaki; leo ameniambia nimletee sanduku lake lililoko huko kwenu, kwa hiyo lifunge; barua hii inakuja kwa basi la jioni, nami kesho nalifuata. Uwanja ni mbaya kuliko ulivyowahi kuwa: nusu kifusi, nusu miraba, nyaya zimechomoza. Usimtafute mtu wa kuumalizia. Mwenye nyumba akitaka, atasema.

Kaka yako